Kulisha Namkolela Moja

1.

(karatasi iliyobandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa kabati, maabara ya pili)

NAMKOLELA-1
KIMELEA HAI CHA MALARIA. USIFUNGUE BILA SIWEMA.
Zamu ya kula: leo ndiyo, kesho hapana, keshokutwa ndiyo.
Sikukuu pia kinakula.


2.

TANGAZO

KWA: Wazazi na walezi wa wanafunzi wa Mpango wa Maandalizi ya Shahada ya Uzamivu katika Utafiti wa Tiba

YAH: SIKU YA WAZAZI

Mnajulishwa kwamba Mpango, ambao unawaandaa wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka jamii zenye uwakilishi mdogo katika utafiti, utafanya Siku ya Wazazi Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Kila mwanafunzi atamweleza mzazi wake kazi anayoifanya maabara, kwa lugha ya nyumbani, mbele ya wote, hadi mzazi atamke kuwa ameelewa. Mwanafunzi ambaye mzazi wake hajaelewa atarudia.

Usaili wa vyuo vya ng'ambo utafanyika Jumatatu inayofuata.

Kutokana na yaliyotokea mwaka jana, mnaombwa msije na kuku hai.


3.

Kwa hiyo kuku wa Bi Somoe alikuja amekaangwa. Tangazo lilikataza aliye hai tu.

Alikuja pia na korosho, na msala wake, na kanga mbili za kubadilisha. Alikuwa mama aliyeishia darasa la saba, mjane, mwenye jaruba lake la chumvi kule Namkolela, kusini, mahali ambapo mtu akisema anakwenda chuo watu huuliza chuo cha nini, cha Kurani au cha ufundi. Mumewe Mfaume alifariki Siwema akiwa na miaka sita. Bi Somoe hakuolewa tena. Wachumba walikuja wakanywa chai, wakaenda zao.

"Hiyo shahada ukiimaliza unakuwa nani?" alimuuliza bintiye walipokuwa wakitembea kutoka stendi.

"Daktari, mama."

"Wa kuchoma sindano."

"Wa kutafuta."

"Kutafuta nini?"

"Sijui bado. Ningekuwa nakijua nisingekitafuta."

Jibu lilimkalia Bi Somoe vizuri, ila hakutaka mtoto alione usoni mwake.

Kilichomleta hasa hakikuwa Siku ya Wazazi wala kuku. Siwema alikuwa amemwambia kwa simu: Jumatatu wananisaili, wakinipokea ni miaka mitano ng'ambo, na mimi bila radhi yako siendi. Maneno hayo hayakuwa ya kupamba. Kwao mtoto anayeondoka bila radhi ya mama, hata akifika, ni kama hajafika.


4.

(yaliyosikika koridoni, karibu na mlango wa maabara. Mmoja ni Siwema. Mwingine ni Gidamis, mwanafunzi mwenzake, mtoto wa wafugaji wa Hanang)

"We mtu wa kusini, panya wa maabara wamepungua. Umewapikia mama?"

"Panya kwetu haramu, na wewe unalijua hilo. Chunga nisikufungie chupa zangu za damu, mnywa damu."

"Mimi nakunywa ya ng'ombe. Hiyo yako nani aiguse, imejaa uchungu wa kusoma."

"Mama yuko hapo nyuma."

"Shikamoo mama. Tunataniana tu."

"Marahaba baba. Taniana."

Bi Somoe alilisikia lile neno, *hiyo yako*. Alidhani ni sehemu ya utani.


5.

Ilipofika zamu ya Siwema alisimama mbele ya bango lake, ushungi umekazwa, mikono imeshikana mbele kama anasoma maulidi.

"Mama, kimelea cha malaria hakiishi hewani. Kinaishi ndani ya damu ya mtu. Sisi hapa tunakifuga. Kama unavyofuga kuku: kina banda lake, joto lake, chakula chake."

"Chakula chake nini?"

"Damu ya mtu."

Wazazi wakacheka, kile kicheko cha kuangaliana. Baba mmoja akavuta miguu yake chini ya kiti.

"Hiki changu mimi ni jeuri. Vingine ukivitia dawa vinakufa. Hiki kinalala. Kinajifanya kimekufa, dawa inapita juu yake, ikishaisha nguvu kinaamka na kuanza tena. Nataka nijue kinaamshwa na nini. Tukilijua hilo, dawa itakayokuja haitadanganywa."

Bi Somoe alikuwa anafuata neno kwa neno. Ndipo akauliza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuuliza kitu kilikotoka kabla hajakipeleka mdomoni:

"Na mlikipata wapi?"

"Kwetu, mama. Ndiyo maana nilikipenda, kinaitwa jina la kijijini." Siwema akaligeukia bango. Maelezo ya mgonjwa alikuwa amepewa jana yake kutoka kwenye kumbukumbu za zamani, akayabandika haraka. Aliyasoma kwa sauti ile ile ya wazi: "Kilichukuliwa kwa mgonjwa mwanaume, miaka arobaini na moja, mvuna chumvi, kituo cha afya cha Namkolela, mwanzo wa mvua. Damu ilichukuliwa kabla ya dawa. Mgonjwa alimaliza dawa. Alifariki siku ya


6.

Mfaume.


7.

"Mama Siwema," mshereheshaji aliuliza kwenye kipaza sauti, "umeelewa?"

"Nimeelewa."

Ukumbi ukapiga makofi.


8.

Ilikuwa hivi.

Mvua za kwanza zilikuwa zinanukia, na watu walikuwa wanakimbiza chumvi ya mwisho isiyeyuke majarubani. Mfaume alirudi na koleo begani anatetemeka, na jua lilikuwa la kuunguza nyayo. Watu wengi waliumwa wakati ule. Walikufa pia wengi, hivi kwamba mtoto wa miaka sita asingeweza kujua nani alitolewa damu na nani alilala tu.

Bi Somoe alijua. Gari jeupe la watafiti lilikuja siku moja tu. Wengine walitobolewa vidole. Mfaume peke yake alitolewa damu mkononi, kichupa kizima, kifuniko cha zambarau.

"Tunaomba kidogo, mama, kabla hajaanza dawa," kijana wa miwani alisema. "Itasaidia wengine."

"Na yeye?"

"Na yeye atatibiwa."

Hakudanganya. Walimtibu. Bi Somoe aliweka jina lake lote kwenye karatasi, kwa ule mwandiko wa kuunganisha aliofundishwa shuleni. Alimmezesha Mfaume vidonge mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka pakiti ikabaki karatasi tupu. Homa ikashuka. Mfaume akaomba uji, akaunywa, akauliza habari za chumvi.

Halafu homa ikarudi.

Miaka yote Bi Somoe alikuwa amesema: siku yake ilifika. Na bado anasema. Lakini sasa alijua kwamba ile nafuu ya uji haikuwa nafuu. Kuna kitu kilikuwa kimelala ndani, kinangoja.


9.

(kabati)

Mimi ni kabati. Macho sina. Nina joto, lile la kwapa la mtu mzima asiyeumwa, nalishikilia hapo hapo mchana na usiku.

Mara ya kwanza kiliwekwa kwangu kikiwa kichanga, kimetoka tu kwa mtu. Kikala, kikashiba, kikazaana. Kisha wakakitia kwenye pipa la baridi, kikawa jiwe kwa miaka. Mwaka huu msichana alikiyeyusha, akakipa damu mbichi. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Akasema labda kimekufa. Akaendelea kukipa. Halafu siku moja akainama kwenye hadubini, akaona pete moja ndogo ndani ya chembe moja ya damu, akacheka peke yake.

"Karibu nyumbani," akakiambia.

Mimi sijui nyumbani ni wapi.


10.

Bweni, baada ya swala ya alasiri. Kuku wa kukaanga yuko mezani, hajaguswa.

"Mama, wavuna chumvi walikuwa wengi."

"Kichupa kilikuwa kimoja."

"Miaka arobaini na moja—"

"Baba yako alikuwa na arobaini na moja."

Siwema alikaa kitandani kama mtu aliyesukumwa. Aliangalia viganja vyake, akavigeuza, akaviangalia tena upande wa pili.

"Nimekilea mama. Nimekilea miezi yote. Niliamka Idi kabla hujanipigia simu nikaenda kukilisha kwanza. Kikichelewa kuzaana nilikiombea dua."

"Ulikuwa hujui."

"Nilikiombea dua."

Bi Somoe akamfunga ushungi uliolegea. Kisha, kwa kuwa jambo lilikuwa limebaki likimkereketa tangu asubuhi, akauliza:

"Hiyo damu kinayokula. Mnaitoa wapi?"

"Benki ya damu wanatuletea chupa zilizopita siku."

"Na wasipoleta?"

Siwema akauvuta mkono wa gauni chini, mpaka kwenye vidole.

"Siwema."

"Lazima iwe kundi O. Mimi ni O."

"Ulikipa mara ngapi?"


11.

Wakati Bi Somoe yuko eda:

hakupaka wanja.
                                        kilikula.
hakutia udi nguo zake.
                                        kilikula.
hakuvuka kizingiti bila haja.
                                        kilikula.
hakucheka kwa sauti, hata siku mbuzi alipoingia jikoni na kutoka na ungo shingoni.
                                        kilizaana.
alimwambia mtoto, baba ametangulia, na chote kilichokuwa chake kimekwenda naye.
                                        


12.

Wewe unayesoma, pengine umeshamtafuta wa kumlaumu. Mtafute taratibu. Kijana wa miwani alisema itasaidia wengine, na alikuwa anaamini. Msichana alitaka kuwa mtu wa kwanza wa kwao kuitwa kwa cheo kile. Mama aliweka jina lake. Mwenyezi Mungu ndiye anayejua zaidi, nami hapa nakueleza tu watu walivyokuwa wamekaa: mmoja kitandani, mmoja kitini, na kuku katikati yao anapoa.


13.

(simu. Upande wa pili ni Bi Esha, dada wa marehemu Mfaume)

"Wifi, umekaa?"

"Nakuna nazi. Sema."

"Ile malaria ya kaka yako ipo."

"Ipo wapi? Anaumwa nani?"

"Haumwi mtu. Ipo yenyewe. Kwenye chupa. Wanaifuga."

Mbuzi ya kukunia nazi ikanyamaza.

"Somoe, umekunywa dawa zako za presha?"

"Nimekunywa."

"Basi nieleze tena, polepole, kama unamweleza mtoto."

Alimweleza. Bi Esha akauliza lile lililokuwa limemkwama Bi Somoe mwenyewe tangu asubuhi:

"Na hiyo ina kitu chake yeye ndani? Damu yake? Maana kama ipo, tumemzika nusu."

"Siwema anasema damu yake ilishakwisha zamani. Kilichobaki ni kile kilichomla."

"Basi huyo si kaka yangu. Huyo ni muuaji, na mwanao ndiye anampelekea chakula jela."

"Ndiye."

"Wamuue, wifi. Unangoja nini?"


14.

MUHTASARI WA KIKAO CHA DHARURA
Jumapili asubuhi, ofisi ya Mkuu wa Mpango, Profesa Rwezaula

1. Kikao kilipokea taarifa kwamba chanzo cha kimelea NAMKOLELA-1 ni marehemu baba wa mwanafunzi anayekitunza.
2. Ilielezwa kuwa aliyechukua sampuli hayupo tena nchini, na kwamba Mpango ulikirithi kimelea kikiwa kimegandishwa.
3. Ilibainika kuwa ridhaa iliyotolewa wakati huo iliruhusu matumizi ya baadaye. Ilibainika pia kuwa neno "baadaye" halikuelezwa.
4. Ilielezwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kujitolea damu kwa ajili ya kazi zao wenyewe. Profesa aliuliza nani aliyeruhusu.
5. Ilibainika kuwa hakuna ruhusa yoyote iliyotolewa.
6. Ilikubaliwa kwamba familia ikitaka kimelea kiteketezwe, pamoja na akiba yote ya kwenye pipa, kiteketezwe leo.
7. Mjumbe alikumbusha kuwa mwanafunzi hana kazi nyingine ya kuwasilisha kwenye usaili kesho, na kwamba maabara ya ng'ambo inamtaka kwa sababu ya kimelea hiki.
8. Profesa alisema hilo mama asiambiwe kabla hajaamua.
9. Mwanafunzi, aliyekuwa mlangoni, alisema ameshamwambia.


15.

(mazoezi ya usaili. Gidamis anaigiza msaili. Ameazima koti)

MSAILI: Kwa nini unataka kusoma malaria?

SIWEMA: Kwa sababu baba

MSAILI: Swali lako la kisayansi kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa.

SIWEMA: Swali langu ni hili. Kimelea kinacholala dawa ikiingia, kinajuaje muda wa kuamka?

MSAILI: Safi. Mtazame msaili. Na kimelea chako ulikipata wapi?

SIWEMA:




MSAILI: Siwema.

SIWEMA:


MSAILI: Mimi nimevua koti. Si msaili tena. Sogea ukae, dada yangu.


16.

Jumapili, baada ya adhuhuri. Maabara ya pili.

Walimvisha Bi Somoe koti jeupe juu ya baibui. Profesa Rwezaula alikuwa mtu mnene wa sauti ndogo, na leo hakuwa na hotuba. Alivuta kiti, akakipangusa kwa kiganja, akamwekea mbele ya hadubini.

"Shikamoo mama," alisema, ingawa mvi zake zilikuwa nyingi kuliko za Bi Somoe.

Bi Somoe alisoma kwanza aya za kujikinga, kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Marahaba."

"Jicho moja hapo, mama," Siwema alisema. "Usilibane hilo jingine. Ngoja nikusogezee mwanga."

Ukungu. Kisha duara za rangi ya waridi, nyingi, kama maji ya jaruba yanapoanza kushika chumvi. Ndani ya moja, pete. Ndogo. Zambarau, na kitone kimoja kama kito.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho."

Alikuwa ametegemea uso. Hakujua uso wa namna gani, lakini uso. Miaka yote, tangu alipomuaga Mfaume, kifo kilikuwa na ukubwa wa chumba. Sasa kilikuwa pete ambayo hata mdoli asingeweza kuivaa.

"Kinasikia?"

"Hapana, mama."

"Kinamjua?"

"Hakimjui mtu. Kinajua damu tu."

Bi Somoe aliendelea kuangalia. Watu waliokuwa nyuma yake walikuwa wanapumua taratibu, kama watu wanaongoja imamu ainuke. Alipotoa jicho, Profesa alikuwa ameshaweka juu ya meza chupa ya jiki, ile ile inayouzwa madukani.

"Ikimwagwa hii, mama, ni dakika chache. Tutafanya mbele yako. Kauli ni yako, na hakuna atakayekuuliza kwa nini."

Siwema alisimama kando ya kabati. Hakuomba. Hakumtazama mama yake kwa lile jicho la kuomba. Alikuwa ameshavaa glavu. Angemwaga mwenyewe kama angeambiwa, kisha Jumatatu angepanda basi la kusini na mama yake, na maisha mengine yangeanza, au yale ya zamani yangeendelea.

Bi Somoe aliichukua ile chupa, akasoma maandishi yake kwa kidole.

"Jiki ninayo nyumbani. Nafulia kanzu." Akairudisha. "Mfaume hakufa kwa kukosa jiki. Alikunywa dawa mbele yangu, vidonge vyote, na hiki kikajilaza kikamngoja. Nikasema amepona. Nikampikia uji." Akaisukuma chupa ya jiki upande wa Profesa. "Mkikimwagia hii mtakuwa mmekiachia. Kitakufa hakijaulizwa. Mimi nataka kife kwa dawa. Kama kilivyotakiwa kufa siku ile."

"Mama," Siwema alisema. "Kwa hiyo—"

"Sijamaliza."

Akasimama. Koti jeupe lilikuwa refu, lilimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Leo ni zamu yake ya kula?"

"Ndiyo."

"Chupa ya damu ipo?"

Profesa alifungua friji, akaifunga.

"Benki ya damu wataleta kesho, mama. Kikikosa leo pengine kitavumilia. Pengine hakitavumilia."

"Mwanangu hakimwonji tena. Alichokula kwake kimetosha, na alichokula kwa baba yake kimetosha."

Hapo akaanza kupandisha mkono wa baibui.


17.

Zahanati ya chuo ni mlango wa tatu kutoka maabara. Muuguzi alikuwa amekunja gazeti.

"Kundi lako la damu unalijua, mama?"

"Silijui."

"Umekunywa dawa ya malaria mwezi huu?"

"Sijaumwa."

"Presha?"

"Ninayo. Leo ninayo na ya Profesa huyu pia, maana naona ameniachia yake."

Profesa alicheka, akajizuia, akatoka akasimama nje ya mlango.

Muuguzi alimtoboa kidole, akadondosha matone mawili kwenye kigae cheupe, kila moja akalidondoshea dawa yake kutoka kwenye kichupa.

"Angalieni. Tone likishikana vipande vipande, si O. Matone yote mawili yakibaki laini, ni O. Na hata likiwa O nitaipima presha yako kwanza, na damu yenyewe ipimwe kabla haijatoka hapa. Tusikimbizane."

Siwema alipiga magoti kando ya kiti, akashika mkono wa mama yake ule ambao haukutobolewa.

"Mama. Na radhi?"

"Kwanza tuone kama kinanitaka."

"Na kisipokutaka?"

Muuguzi alikuwa amekiinua kigae, anakiinamisha huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Damu ilitiririka polepole upande mmoja, ikarudi.

"La kwanza laini," alisema muuguzi.

Akakisogeza kigae karibu na uso, akakaza macho.

"La pili nalo laini. Ni O, mama."